Balghamu: Mgiriki Kifuani mwa Mwamu (Sehemu ya Pili)

Bibi wa Lamu akimsikia mjukuu wake anakohoa kifua kizito, humchemshia tangawizi na pilipili manga, akatia asali, na dafu akalipiga marufuku mpaka apoe. Hoja yake ni kwamba balghamu imezidi, na kwa kuwa balghamu ni baridi, huondolewa kwa kitu cha moto. Hoja hiyo ina umri wa miaka 2,400 hivi, na neno lenyewe ni la Kigiriki.

Wafuasi wa Hippocrates, tabibu wa kisiwa cha Kos, walifundisha kuwa mwili una maji manne: damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na phlegma. Hilo la mwisho waliliona la baridi, likizidi wakati wa kipupwe. Ajabu ni kwamba jina lake limetokana na kitenzi cha kuwaka! Mwanzo lilikuwa na maana ya mwako, kisha uvimbe unaochoma, ndipo likaangukia ute.

Karne ya 9, mjini Baghdad, Hunayn ibn Ishaq, Mkristo wa Hira, alivitia vitabu vya Galen, tabibu wa Kigiriki aliyefuata mafundisho hayo, katika Kisiria na Kiarabu. Katika Kiarabu cha matabibu, maji matatu yalipata majina ya kienyeji: dam, kisha safra na sauda, yaani ya manjano na nyeusi. La nne pekee likabaki na Ugiriki wake, balgham. Herufi yake ya kwanza Wagiriki wa kale waliitamka kama p yenye pumzi. Kiarabu hakina p, ikawa b. Tabibu Ibn Sina, aliyefariki 1037, akalieneza kwa kitabu chake cha Qanun.

Waingereza walilipata kupitia Kilatini na Kifaransa. Huandika phlegm, lakini ile g hawaitamki. Mwamu, yaani mtu wa Lamu, aliyelipokea kwa Waarabu, gh yake huisikia waziwazi.

Tiba ya leo imekwisha kuachana na hesabu ya maji manne, na ni haki. Tangawizi hutuliza koo, lakini kikohozi kilichopita wiki mbili kipelekwe hospitali, makohozi yapimwe kifua kikuu.

Safra nayo ilifika pwani, ila ilibadilika njiani. Kwa Mswahili, safura ni maradhi ya minyoo wanaonyonya damu mpaka uso ukapauka. Habari zake ni za juma lijalo.