Monita Mbili Kwenye Studio Yako: Nunua kwa Akili, Panga Vizuri, Lipwa Kabla ya Kuprinti

Agosti ya mwaka wa shufwa ikifika, mpiga picha wa Ndalu hapati usingizi. Msimu wa tohara ya Wabukusu huja kila baada ya miaka miwili. Ulikuwepo 2024, na zamu inayofuata ni 2026. Chinyimba zinalia, jamaa wanarudi kutoka mjini, na kila boma linataka picha: kijana aliyepakwa matope akitoka mtoni alfajiri, baba amesimama uani, akina shangazi wakiimba. Kwa siku chache tu memori kadi inajaa, na wageni wanataka picha zao kabla ya kupanda matatu kurudi walikotoka.

Hapo ndipo wengi huanza kufikiria monita ya pili. Wazo ni zuri. Ila skrini mbili zisipopangwa vizuri zinaweza kukuletea hasara mara mbili: kwanza kwa muuzaji, halafu kwa mteja. Tuanze na pesa inayotoka mfukoni.

Kabla hujalipa

Wengi wetu hununua monita zilizotumika, zile za ex-UK, kutoka maduka ya Kitale au Bungoma mjini. Hakuna ubaya. Lakini nenda ukaione ikiwa imewaka.

• Beba laptopu na kebo yako. Angalia nyuma ya monita kama ina tundu la HDMI au VGA tu. Laptopu nyingi mpya hazina VGA, kwa hivyo huenda ukahitaji adapta. Uliza bei ya adapta kabla ya kukubaliana.
• Fungua picha nyeupe tupu, halafu nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Kidoa kisichobadilika rangi ni pikseli iliyokufa.
• Itazame kutoka pembeni na kutoka juu. Kama sura ya mtu inageuka rangi ukisogeza kichwa, hiyo haifai kwa kazi ya picha. Zenye paneli ya IPS huwa na nafuu hapo.
• Ukiweza, chukua mbili za modeli moja. Modeli imeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma.

Sasa malipo. Jihadhari na tangazo la bei ya kutupa ambapo muuzaji anaomba utume nusu kwanza kwa nambari ya kibinafsi "ili akushikie". Pesa ikishatumwa na kutolewa, kuirudisha ni kazi ngumu sana. Lipa ukiwa dukani, baada ya kujaribu, kwa nambari ya Till ya duka. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Kama si la duka hilo, simamisha, uliza. Ujumbe wa malipo uhifadhi, na risiti uichukue.

Na usikimbilie mkopo wa simu kununua monita ya pili kama ya kwanza bado haijajilipa. Weka kando kidogo kidogo kutoka kwa kazi za pasipoti na za shule. Polepole ndio mwendo.

Kupanga mezani

Monita kuu iwe mbele yako kabisa, umbali wa urefu wa mkono, ukingo wake wa juu ukilingana na macho. Ya pili iwe kando, imeinamishwa kidogo kukuelekea. Dirisha lisiwe nyuma yako wala nyuma ya skrini, liwe upande.

Ukishaunganisha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua "Extend". Kisha ingia kwenye mipangilio ya skrini, uvute visanduku 1 na 2 vikae kama monita zilivyokaa mezani, la sivyo kipanya kitakuwa kinapotelea upande usiotarajia. Monita iliyo mbele yako ndiyo uifanye kuu.

Kwenye ile kuu weka picha peke yake. Vidude vya programu na orodha ya picha vipeleke kwenye ya pili. Ukitumia Lightroom Classic, F11 hufungua dirisha la pili lenyewe.

Rangi: skrini moja ndiyo hakimu

Hapa ndipo wengi wanateleza. Monita mbili karibu kamwe hazionyeshi rangi sawasawa, hata zikiwa za modeli moja. Ukihariri kwenye hii kisha ukakagua kwenye ile, utarekebisha mpaka asubuhi. Amua mapema: rangi inaamuliwa kwenye monita kuu tu.

Iache iwake nusu saa kwanza. Zima "Night light", maana inapaka kila kitu umanjano. Tafuta "Calibrate display color" kwenye Windows ufuate hatua zake. Halafu fanya jaribio la mzee: printi picha moja yenye sura ya mtu, uishike kando ya skrini. Kama karatasi ni nyeusi kuliko skrini, skrini yako inang'aa kupita kiasi; punguza mwangaza mpaka vikaribiane. Ngozi zetu nyeusi ndizo huumia zaidi hapa. Sura inayopendeza kwenye skrini kali hutoka kwenye karatasi kama kivuli, na karatasi na wino ni vyako.

Stima ikipotea katikati ya kazi, UPS ndogo itakupa dakika za kuhifadhi na kuzima.

Skrini ya pili ikulipe

Faida kubwa ya monita ya pili ni ugomvi unaoepuka. Igeuze imwelekee mteja. Aone picha, achague, muandike nambari na idadi, mkubaliane bei. Kisha alipe kwenye Till yako, ndipo uprinti. Hakuna tena "hii si ile niliyotaka" wakati karatasi zimeshatoka.

Angalia malipo kwenye simu YAKO. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si ushahidi, na hata ulioingia kwako unaweza kuwa wa kughushi. Duka likiwa na watu wengi, ndio wakati matapeli hupenda. Angalia salio, kama halijapanda, pesa haijaingia. Na mtu akikupigia akidai ametuma kimakosa umrudishie, usitume chochote. Mwambie apitie huduma kwa wateja.

Ukitaka kuwa tayari kwa msimu, anza leo na jambo moja lisilo na gharama: printi ile picha moja, uilinganishe na skrini uliyo nayo. Huenda ukagundua unachohitaji kwanza si monita ya pili, ni kupunguza mwangaza wa hiyo moja.