Chai Nyeusi: Asili Yake, Matengenezo Yake, na Namna ya Kuinywa kwa Faida

Mkulima wa Nyegezi, yumkini kila asubuhi, kabla hujashika jembe au kwenda kutazama nyavu, hunywa kikombe cha chai. Juu ya kinywaji hiki yakupasa kujua mambo mawili. La kwanza, je, yafaa uipande chai katika shamba lako? La pili, je, chai hukujenga mwili, ama hukudhuru? Jawabu la swali la kwanza ni hapana. Jawabu la pili hutegemea wewe mwenyewe unavyoinywa. Sababu zake zimeelezwa hapa chini.

ASILI YA CHAI

Mti wa chai ukiachwa hukua mrefu sana, lakini wakulima huukata ukawa kichaka kinachofika kiunoni, ili uchumwe kwa urahisi. Asili yake ni China na nchi za milima zilizo karibu nayo, pamoja na Assam katika Bara Hindi. Wachina waliinywa chai karne nyingi kabla ya watu wengine, na chai nyeusi ilianza kutengenezwa kwao katika karne ya 17. Wala usidhani kwamba chai nyeusi na chai ya kijani hutoka katika miti mbalimbali. Jani ni moja; tofauti ni matengenezo.

Mwaka 1823 Mskochi Robert Bruce alipata habari za chai ya mwituni katika Assam, na mwaka 1839 chai ya huko iliuzwa kwa mnada mjini London. Mwaka 1867 James Taylor alipanda shamba la chai katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Baadaye ugonjwa wa kutu uliangamiza mibuni ya kisiwa hicho, na wenye mashamba wakageukia chai.

Katika nchi yetu, Wajerumani waliijaribu chai katika kituo chao cha Amani, Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1902, na pia katika Rungwe. Mashamba ya biashara yalienea tangu miaka ya 1920, wakati wa utawala wa Waingereza. Kwa muda mrefu yalikuwa mali ya walowezi na makampuni. Wakulima wadogo walianza kupanda kwa wingi katika miaka ya 1960. Leo chai hulimwa Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara, na hata ng'ambo ya Ziwa letu, katika nchi ya Bukoba.

KWA NINI BUKOBA, WALA SI NYEGEZI?

Hapa wengi hukosea. Husema, “Ziwa ni moja, kinachoota Bukoba kitaota na kwetu.” Ziwa ni moja kweli, lakini mvua si moja. Pepo zivumazo kutoka kusini na mashariki huchukua unyevu juu ya maji na kuutua upande wa magharibi. Kwa hiyo Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na Mwanza hupata kama nusu yake. Tena mvua yetu haikugawanyika sawasawa: tangu Juni hata Septemba ardhi hukauka, na Julai huenda isinyeshe kabisa. Mti wa chai hutaka angalau milimita 1,200, na usikae miezi mingi bila maji.

Udongo nao ni shida. Chai hutaka udongo wenye kina, wenye uchachu, usiotuamisha maji. Miinuko yetu yenye mawe ina mchanga mwepesi ambao hukauka upesi. Mbuga zetu nazo zina udongo mzito mweusi unaoshika maji mpaka mizizi ikaoza.

Kuna neno la tatu, nalo ni kubwa kuliko yote mawili. Hata ukinyweshea miche yako ikaota, utaliuza wapi jani? Jani bichi la chai haliwekwi ghalani kama pamba wala mtama. Lazima lifike kiwandani siku ile ile lilipochumwa, nasi hatuna kiwanda cha chai karibu. Basi mtu akikujia na miche ya chai ya kuuza, usimpe fedha zako. Fedha hizo ni heri uzitie katika mbegu njema ya pamba, mahindi au mihogo, au bustani ya mboga karibu na maji.

JANI LINAVYOTENGENEZWA

Mchumaji huchuma majani mawili machanga pamoja na chipukizi lake, basi. Majani makubwa yaliyokomaa huharibu chai. Kila kichaka hurudiwa baada ya siku 7 hata 14.

Kiwandani majani hutandazwa penye hewa kwa saa 12 hata 18, yanyauke na kulainika. Kisha mashine huyakatakata na kuyasaga, maji ya jani yakatoka. Halafu huachwa yapate hewa kwa saa moja au mbili. Hapo rangi ya kijani hugeuka kuwa ya shaba, na harufu ya chai huanza. Hii ndiyo kazi inayotenga chai nyeusi na ya kijani. Mwisho majani hukaushwa kwa hewa ya moto, yakachekechwa na kufungwa. Kupata kilo 1 ya chai kavu hutakiwa kilo 4 hata 5 za majani mabichi.

Chai iliyokauka hivyo huvuta unyevu na harufu upesi. Kwa hiyo usiiweke karibu na dagaa, sabuni wala mafuta ya taa. Itie katika kopo lenye kifuniko kinachobana.

FAIDA NA MADHARA

Faida ya kwanza imo katika maji kuliko katika jani: maji yaliyochemka sawasawa hufisha vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Lakini kumbuka kwamba kichocho huingia kwa ngozi unapokanyaga maji ya Ziwa. Kikombe cha chai hakikukingi nacho.

Faida ya pili, chai ina kafeini, ambayo huondoa usingizi na uchovu. Faida ya tatu, uchunguzi wa watu karibu 500,000 wa Uingereza, uliotangazwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba wanywao vikombe 2 au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kidogo kuliko wasiokunywa. Jambo hilo halithibitishi kwamba chai ndiyo sababu, wala chai si dawa.

Sasa sikia madhara. Chai ina tanini, ambayo hushikana na madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga, mwili usiyapate vema. Madini hayo ndiyo yanayojenga damu. Mama mjamzito, au mtoto aliyedhoofika kwa malaria, akinywa chai pamoja na chakula, hupoteza kitu anachokihitaji sana. Na mtoto mchanga asipewe chai kabisa. Chakula chake ni maziwa ya mama.

Tena, usiinywe ikiwa ya moto mno. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za joto huenda vikaleta saratani ya umio. Na sukari nyingi huharibu meno na kunenepesha mwili. Mtu anayetia vijiko vinne katika kila kikombe, akanywa vitatu kwa siku, amekwisha kula vijiko 12.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Usinunue miche ya chai kwa kupanda Nyegezi.
2. Hifadhi majani katika kopo, mbali na vitu vyenye harufu.
3. Chemsha maji mpaka yatokote, kisha tia majani. Dakika 3 hata 5 zatosha.
4. Ngoja kikombe kipoe kidogo kabla ya kunywa.
5. Kunywa chai saa moja baada ya chakula, wala si pamoja nacho.
6. Kula chungwa, limau au pera pamoja na mboga na maharage, ili mwili upate madini ya chuma.
7. Punguza sukari kidogo kidogo, ulimi utazoea.

Ukiyashika haya, chai itakufaa, ijapokuwa huna hata mche mmoja shambani mwako.