Jua la Muheza, Inhela na Tabaka la Ozoni

Mkulima wa machungwa anayeshuka kutoka milima ya Amani hadi mjini Muheza, adhuhuri ya mwezi wa Februari, huweza kusema kwamba jua la siku hizi limekuwa kali kwa kuwa anga limetoboka. Kauli hiyo husikika pia kwenye mabenchi ya zahanati, na wapo wahudumu wa afya wanaoirudia. Ina chembe ya ukweli, lakini imewekwa mahali pasipo pake.

Ozoni ni gesi iliyotanda hasa kati ya kilomita 15 na 35 juu ya ardhi. Kazi yake ni kuchuja miale ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi, kuleta saratani ya ngozi na kuchangia mtoto wa jicho. Tundu linalozungumzwa duniani hutokea juu ya bara la Antaktika. Muheza iko takribani nyuzi 5 kusini mwa ikweta, mahali ambapo jua hupita karibu na utosi na tabaka la ozoni kwa maumbile yake ni jembamba kuliko la Ulaya. Nalo halikupungua sana katika miongo hiyo. Kwa hiyo mtu mwenye ualbino anahitaji kofia pana, mikono mirefu na uchunguzi wa ngozi mara kwa mara si kwa sababu ya tundu lile, bali kwa sababu jua letu daima limekuwa kali. Asiambiwe kwamba mikataba itamkinga.

Mikataba yenyewe ilizuia balaa kubwa zaidi. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za klorofluorokaboni, zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia, hupanda juu na kuachia klorini inayoivunja ozoni. Viwanda vilibisha kwa miaka mingi. Mkataba wa Vienna ulitiwa saini Machi 1985, na miezi miwili baadaye Joseph Farman na wenzake wawili wakatangaza kupungua kwa ozoni juu ya Antaktika. Aliyezisukuma serikali zikubaliane alikuwa Mostafa Tolba wa Misri, mkuu wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao Nairobi. Itifaki ya Montreal ikapatikana tarehe 16 Septemba 1987. Nchi maskini ziliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini zilipie uharibifu usio wao. Zikapewa muda wa ziada wa miaka 10, na mwaka 1990 ukakubaliwa mfuko wa kuzisaidia. Tanzania ilijiunga mwaka 1993.

Kwa msomaji mwenye pumu, sura muhimu ya historia hii imo mfukoni mwake. Inhela za zamani zilisukuma dawa kwa gesi zilezile zilizokatazwa. Je, mgonjwa akatiwe pumzi ili anga lipone? Wanachama wa Itifaki walikataa. Waliruhusu gesi hizo ziendelee kutumika katika inhela kama matumizi ya lazima, hadi mbadala ulipothibitishwa kuwa salama. Kwa maoni yangu, huo ndio uamuzi wa kiutu kuliko yote yaliyomo katika Itifaki.

Inhela mpya zilianza kutumika katikati ya miaka ya 1990. Mvuke wake ni laini zaidi, haugongi koo kwa ubaridi, na ladha yake ni tofauti. Mgonjwa aliyezoea ile ya zamani aliweza kudhani amepewa dawa bandia au kopo tupu, akaongeza mipulizo au akaiacha kabisa. Muuguzi anayemkabidhi mgonjwa inhela ya aina asiyoizoea amweleze mapema. Kitundu cha inhela hizi pia huziba kwa urahisi: kila wiki litolewe kopo la chuma, na ganda la plastiki lioshwe kwa maji ya vuguvugu kisha likaushwe vizuri. Kopo lenyewe lisiloweshwe.

Gesi mbadala, hidrofluorokaboni, haziigusi ozoni, lakini baadhi yake hulipasha anga joto zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi. Ndiyo maana wajumbe walikutana tena Kigali, na tarehe 15 Oktoba 2016 wakakubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua. Tathmini ya wanasayansi ya mwaka 2022 inakadiria kuwa tabaka la ozoni juu ya Antaktika litarejea hali ya mwaka 1980 kufikia takribani mwaka 2066, na sehemu kubwa ya dunia kufikia 2040.

Majokofu ya chanjo nayo yamebadilika. Mengi ya sasa, hasa yale ya umeme wa jua, hutumia isobyuteni, ambayo lebo ya nyuma huiandika R600a. Haidhuru ozoni, lakini hushika moto. Jokofu likishindwa kudumisha nyuzijoto 2 hadi 8, chanjo zihamishiwe kwanza kwenye sanduku baridi, ndipo aitwe fundi aliyefunzwa. Naye asome lebo kabla ya kujaza gesi yoyote aliyokuja nayo.