Leseni ya Bunduki ni Dhamana

Haki ya binadamu kuihami roho yake haina ubishi. Linalobishaniwa ni iwapo haki hiyo inampa kila mtu ruhusa ya kumiliki bunduki. Sisi watu wa visiwa yatupasa kuwatazama wenzetu wa New Zealand.

Huko, kifungu cha 48 cha Sheria ya Jinai ya mwaka 1961 kinamruhusu mtu kutumia nguvu za kadiri kujikinga. Hata hivyo, kujikinga peke yake si sababu ya kupewa leseni ya silaha.

Ijumaa ya tarehe 15 Machi, 2019, waumini 51 waliuawa kwa risasi katika misikiti miwili mjini Christchurch. Katika msikiti wa Linwood, muumini mmoja alimkabili muuaji bila ya silaha yenye risasi, akamtimua. Huko ndiko kujihami. Muuaji, kwa upande wake, alikuwa na leseni halali.

Mwezi uliofuata Bunge lilipiga marufuku bunduki nyingi zinazojipakia zenyewe, kwa kura 119 dhidi ya 1. Serikali ikanunua na kuharibu zaidi ya 50,000.

Lakini Tume ya uchunguzi ilieleza mwaka 2020 kwamba polisi waliotoa leseni ile waliridhika na udhamini wa rafiki wa mtandaoni na mzazi wake. Sheria ilikuwapo, uchunguzi ulilegea.

Basi mtendaji mwenye muhuri na ajue kwamba amekabidhiwa roho za watu. Asiupige kabla hajachunguza.