Mti Uliokuwa Chini ya Matofali

Hapa Bariadi, anayetaka kujua boma la wazee lilikuwa wapi hatafuti ukuta. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, na misimu michache ya mvua inatosha kuzirudisha ardhini. Anatafuta mstari wa minyaa uliobaki katikati ya shamba la pamba, mkwaju usio na mwenyewe, jiwe la kusagia lililofukuliwa na plau. Ninafundisha historia sekondari, na mada ya vyanzo vya historia huwa naianzia hapo, maana watoto wengi wa Simiyu wameshaokota vigae vya vyungu wakichunga ng'ombe. Kisha nawapeleka mbali kabisa, Lumbini, nchini Nepal, kwenye chimbuko la dini ya Kibudha. Nimeichagua Lumbini kwa makusudi. Pale nako kilichokuwa kinatafutwa kiligeuka kuwa mti, uzio wa mbao na udongo.

Miaka mia mbili na zaidi iliyopita, wasomi wa Ulaya hawakujua Budha alikuwa nani wala alitoka wapi. Mjerumani Engelbert Kaempfer, aliyekaa Japani mwishoni mwa karne ya 17, aliandika kwamba huenda alikuwa kuhani wa Misri aliyekimbia kutoka Memphis. William Jones, jaji Mwingereza huko Calcutta, alizitazama sanamu zenye nywele za kipilipili na midomo minene, mawazo yake yakaenda Uhabeshi. Wanafunzi wangu hufurahi sana wanaposikia hayo. Wangependa Budha awe wetu. Nawaambia kwamba mzee wa watu hatwaliwi kwa kutamaniwa, lazima ardhi ishuhudie.

Na ardhi ilishuhudia, ingawa polepole. Nchini India kwenyewe Ubudha ulikuwa umefifia kwa karne nyingi, mahekalu yamefukiwa, na hakuna aliyeweza kuyasoma maandishi ya kale yaliyochongwa kwenye nguzo za mawe. Mwaka 1837 James Prinsep, ofisa wa kiwanda cha sarafu cha Calcutta, aliufumbua mwandiko huo uitwao Brahmi. Ikajulikana kwamba nguzo zile ni za mfalme Ashoka, aliyetawala sehemu kubwa ya India katika karne ya 3 KK na kuyafuata mafundisho ya Budha. Baada yake akaja Alexander Cunningham, mhandisi wa jeshi aliyekabidhiwa utafiti wa mambo ya kale ya India mwaka 1861. Huyu alizunguka na kitabu cha safari za Xuanzang, mtawa wa Kichina aliyezuru maeneo hayo matakatifu katika karne ya 7 na kuandika umbali na mwelekeo wa kila mahali. Simulizi lilitangulia, jembe likafuata nyuma.

Mwaka 1896 nguzo ya Lumbini ikasomwa. Inaeleza kwamba Ashoka alifika mwenyewe katika mwaka wa 20 wa utawala wake, kwa kuwa hapo ndipo Budha alipozaliwa, na kwamba alikipunguzia kijiji kodi. Mimi napenda sana habari hiyo ya kodi. Mfalme anaweza kujisifu bure kwenye jiwe, lakini akisamehe kodi, wanakijiji wanajua kama ni kweli.

Hata hivyo, nguzo inatuonyesha alichoamini Ashoka, na Budha alikuwa amekwisha kufariki zamani. Hivyo kati ya mwaka 2011 na 2013 kikosi cha Robin Coningham wa Chuo Kikuu cha Durham na Kosh Prasad Acharya wa Nepal kilichimba ndani ya hekalu la Maya Devi, mama yake Budha, huku mahujaji wakiendelea na ibada kando yao. Chini ya matofali ya enzi za Ashoka walikuta matofali ya zamani zaidi. Chini ya hayo, mashimo yaliyokuwa yamesimikwa nguzo za mbao, yakiuzunguka uwanja usiokuwa na paa. Na katikati ya uwanja, udongo wenye alama za mizizi ya mti.

Wabudha husimulia tangu zamani kwamba Maya Devi alijifungua akiwa amesimama, ameshika tawi.

Umri wa uzio ulipatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni makaa: kila kilichokuwa hai kina kaboni ya aina fulani inayopungua kwa mwendo unaojulikana tangu siku kilipokufa. Ya pili ni mchanga: chembe zake huhifadhi nishati kidogo kidogo tangu zilipofunikwa zikakosa mwanga wa jua, na maabara inaweza kuipima. Majibu yalielekea karne ya 6 KK, na wachimbaji wakauhusisha uzio huo na enzi za Budha. Wapo wataalamu walioonya kwamba ibada za miti ni kongwe, na mti ule ungeweza kuheshimiwa hata kabla ya Budha. Naona wana haki. Udongo umetuambia kwamba watu waliuzungushia mti uzio, na waliokuja na matofali baadaye wakauacha wazi bila kuufunika. Jina la aliyezaliwa chini yake haukulitaja.

Afrika nayo imo katika habari hii, kwa mlango wa biashara. Mwaka 2022, huko Berenike, bandari ya kale ya Misri kwenye Bahari ya Shamu, wanaakiolojia walifukua sanamu ya Budha ya marumaru, urefu sentimita 71, inayokadiriwa kuwa ya karne ya 2 BK. Merikebu za pilipili manga na mbao za msaji kutoka India zilikuwa zikitia nanga pale. Karne nyingi baadaye, Wasinhala kutoka Ceylon, sasa Sri Lanka, walijenga hekalu lao la Kibudha Upanga, Dar es Salaam, na mti mtakatifu wa dini hiyo umesimama pale hadi leo.

Sisi Simiyu tuna mahame yetu. Utemi ulifutwa mwaka 1963, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu, na maikulu ya watemi, makaburi na miti ya matambiko vikabaki porini. Sasa trekta linafika huko. Kigae kikishatolewa kwenye tabaka lake, hata maabara ya Durham haiwezi kukirudishia umri wake wote. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukikuta vigae vingi, mawe ya kusagia au mabaki ya tanuri la chuma shambani kwako, usichimbe zaidi. Piga picha, muulize mzee wa karibu jina la mahali hapo na uliandike kama anavyolitamka, kisha mweleze mtendaji wa kijiji au ofisa utamaduni wa halmashauri. Kutoa taarifa ya vitu vya kale unavyovigundua ni wajibu wako chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.