Marais Wawili na Donda la Kinywani

Kansa haichagui mkubwa wala mdogo. Tazameni habari za marais wawili wa Marekani: ugonjwa wao ulifanana, lakini mwisho wao haukufanana.

Wa kwanza ni Ulysses Grant, jemadari mashuhuri na mvutaji mkubwa wa tumbako. Mwezi wa Juni 1884, urais wake ulipokuwa umekwisha, alikula tunda akasikia maumivu makali kooni. Lakini hakufika kwa mganga wa koo hata mwezi wa Oktoba. Kansa ilikuwa imekwisha kushika shina la ulimi. Waganga wakaona kuikata ni hatari isiyo na faida. Alifariki tarehe 23 Julai 1885.

Wa pili ni Grover Cleveland. Mwaka 1893, akiwa bado rais, aliona mahali palipokwaruza katika kaakaa lake. Hakukawia. Tarehe 1 Julai, kwa siri, ndani ya merikebu, Daktari Joseph Bryant na wenzake walimlaza kwa dawa ya usingizi, wakamtoa sehemu kubwa ya taya la juu upande wa kushoto. Walipitia kinywani, uso usibaki na kovu. Baadaye alitengenezewa kipande cha mpira cha kuziba pengo, akaweza kusema vizuri tena. Alifariki mwaka 1908, miaka 15 baadaye, na donda lile halikurudi.

Ni kweli, wataalamu waliokichunguza kipande kile zamani zetu hizi waliona kwamba kansa yake ilikuwa ya namna isiyoenea upesi. Lakini fundisho linabaki. Siku hizi waganga hukata donda pamoja na tezi za shingo ambamo kansa hujificha, na mara nyingi huongeza tiba ya mionzi. Ikionekana mapema, wagonjwa wengi hupona. Ikichelewa, wanaopona ni wachache, na wengine hupotewa na sauti.

Basi, donda la kinywani lisilopona kwa majuma matatu, sauti iliyokwaruza muda huohuo, uvimbe wa shingo, au shida ya kumeza: hizo zote ni sababu ya kwenda hospitali. Tena tujihadhari na tumbako na pombe, wazazi wakubwa wa kansa hizi. Uhai ni amana ya Mungu, naye asiyeziba ufa atajenga ukuta.