Umeme wa Betri Unakwenda Wapi Usiku?

Wakulima wengi wangali wanatumia Land Rover na Peugeot za zamani kupeleka maziwa, mbolea na mbegu. Magari hayo yana nguvu, lakini nyaya zake zimezeeka. Ugonjwa unaojulikana sana ni huu: jioni gari linaegeshwa bila kasoro yoyote, na alfajiri, maziwa yakiwa tayari katika mikebe, ufunguo unazungushwa na stata inalia "tik" basi. Maziwa hayangoji fundi. Jua likipanda yataharibika, na kiwanda kitayakataa.

Hapo mwenye gari huenda mjini akanunua betri mpya, na baada ya wiki moja hiyo nayo imekufa. Betri mpya katika gari linalovuja umeme ni sawa na mahindi katika gunia lililotoboka. Tundu litafutwe kwanza, na kulitafuta hakuhitaji chombo cha bei kubwa. Globu moja ya volti 12 yatosha.

Yafaa ujue kwamba magonjwa ni mawili. La kwanza ni shoti. Umeme hutoka katika betri kwa waya, hufanya kazi katika taa au honi, kisha hurudi kwa njia ya bodi ya gari. Ganda la waya likichunika na shaba ikagusa bodi, umeme hurudi mara moja bila kufanya kazi yoyote, tena kwa wingi sana. Waya huwa moto, ganda huyeyuka, moshi hutoka. Ukisikia harufu ya mpira unaoungua, zima injini na ufungue betri pale pale, maana moto huo waweza kuteketeza gari pamoja na banda lake.

La pili huenda polepole. Taa ndogo ya wati 5 isiyozimika hula kama ampia 0.4 tu. Lakini kwa saa 24 hiyo ni karibu ampia-saa 10, na betri ya ampia-saa 60 itakwisha kwa siku sita. Hata siku ya tatu huenda isiweze kuzungusha injini katika baridi ya Molo au Kinangop.

Sasa tazama kazi yenyewe. Zima kila kitu, toa ufunguo, na usivute sigara, kwa sababu betri hutoa hewa inayoshika moto. Fungua kwanza ule waya mnene wa betri unaokwenda kwenye bodi. Katika magari mengi ni upande wa kutoa (−), lakini Land Rover nyingi za kabla ya miaka ya mwisho ya 1960 zilifungwa upande wa kujumlisha (+), basi ufuate waya kwa macho mpaka mwisho wake. Ukianza na upande mwingine, na spana ikagusa bodi, utafanya shoti kwa mkono wako mwenyewe.

Chukua globu ya wati 21, kama ile ya taa ya kugeukia kona, uiunge kwa nyaya mbili. Waya mmoja ushike kichwa cha betri ulichokifungua, wa pili ushike ule waya mnene wa bodi. Funga milango, maana taa ya mlangoni itakudanganya. Usijaribu kuwasha injini globu ikiwa hapo.

Globu ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti, au kitu kinachokula umeme mwingi. Ikiwaka hafifu, ni mvujo wa polepole. Isipowaka kabisa, mvujo kama upo ni mdogo sana, na huenda betri yenyewe imechoka. Tena, globu hii hairuhusu hata ampia 2 kupita, kwa hiyo waweza kutafuta kwa utulivu bila nyaya kuungua.

Toa fyuzi moja, tazama globu, irudishe, toa nyingine. Ile inayozima globu ndiyo yenye njia ya ugonjwa. Lakini magari ya zamani yana fyuzi chache, na nyaya nyingine hazipiti katika fyuzi hata moja. Kama fyuzi zote zimetoka na globu ingali inawaka, fungua nyaya za dainamo au alteneta. Katika magari ya dainamo hukumbuka kwanza katauti: midomo yake ikigandana, betri hurudisha umeme katika dainamo usiku kucha, na ukiigusa dainamo asubuhi utaikuta ina joto ingawa injini haijawashwa. Alteneta nayo huvuja diodi zake zikiharibika.

Ukishajua njia, mwenzako atazame globu nawe utikise nyaya kidogo kidogo. Globu ikipepesa, mkono wako uko mahali penyewe. Anza pale nyaya zinapopita katika tundu la bati mbele ya dereva, kwa kuwa mpira wa tundu hilo hukauka na bati hukata kama kisu. Kisha tazama chini ya sanduku la mizigo, karibu na bomba la moshi, na soketi ya trela iliyojaa matope. Gari linalolala karibu na ghala la mahindi likaguliwe pia kwa meno ya panya. Redio na taa zilizoongezwa baadaye na fundi wa njiani zishukiwe kabla ya nyaya za kiwandani.

Ukikuta msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Fyuzi imefanywa dhaifu ili ife yenyewe badala ya gari.

Waya uliochunika ukatwe, uunganishwe kwa risasi, ufungwe tepu, na uwekewe mpira mpya katika tundu. Irudishe globu; ikibaki giza, funga waya wa bodi. Injini ikiwaka, mita ionyeshe kati ya volti 13.8 na 14.4 kwenye betri. Asubuhi, kabla ya kuwasha, betri nzima iliyojaa huonyesha kama volti 12.6, ikiwa 12 au chini, icharijiwe, kisha iachwe usiku mmoja bila kufungwa kwenye gari, ipimwe tena. Ikishuka sana peke yake, hapo ndipo pesa ya betri mpya itoke.